Fundi Akikutajia Bei: Utajuaje Kama Ni ya Haki?



Siku hizi vikundi vyetu vingi hapa Kwale vina chombo cha barabarani. Kuna chama cha akina mama kilichokopa kikanunua gari la kubebea samaki na mboga kutoka Msambweni hadi Ukunda. Kuna vijana waliochanga wakanunua tuktuk. Kuna shule iliyo na basi, na zahanati iliyo na gari la kubebea wagonjwa. Chombo kikitembea, wote wanafurahi. Kikilala gereji, ndipo maneno yanapoanza.

Mara nyingi maneno huanza na kikaratasi. Fundi ameandika jumla ya pesa, pengine bila kueleza chochote, na kusema: “Mama, hii gari imekufa gasketi ya hedi. Lete elfu hamsini na saba, keshokutwa uje uichukue.” Mwenyekiti anatazama mweka hazina, mweka hazina anatazama dereva. Hakuna anayejua kama bei hiyo ni ya haki au ni ya kuumizwa. Wengine hulipa kwa kuogopa. Wengine hukataa kwa hasira, wakapeleka gari kwa fundi mwingine wa bei rahisi, na baada ya mwezi limekwama tena Ramisi usiku.

Si lazima uwe fundi ndipo ujue bei ya haki. Mama anayenunua kitambaa cha kushonea nguo si fundi cherehani, lakini anajua kuuliza: kitambaa ni cha aina gani, ni mita ngapi, na kushona ni pesa ngapi? Gari nalo ni hivyo hivyo.

BEI IMETENGENEZWA NA NINI?

Jumla peke yake haisemi kitu. Shilingi 57,000 inaweza kuwa ghali, na inaweza kuwa rahisi. Lazima uipasue jumla hiyo uone ndani mna nini. Kwa kawaida mna mambo sita:

1. Kupima. Huu ni muda wa fundi kutafuta ugonjwa, pamoja na mashine ya kompyuta kama gari ni la kisasa. Gereji nyingine hulipisha kupima, nyingine hazilipishi mkitengeneza hapo hapo. Uliza mapema.

2. Spea. Kila spea iandikwe jina lake, idadi, aina yake na bei yake.

3. Ufundi. Hii ni kazi ya mikono ya fundi na vijana wake.

4. Kazi za nje. Kuna kazi ambazo fundi wetu hana mashine zake, kama kusawazisha uso wa silinda hedi, kuchonga diski za breki au kuchomelea alumini. Hupelekwa kwa watu wa mashine, mara nyingi Mombasa. Omba risiti ya huko.

5. Vitu vinavyotumika. Hivi ni oili, filta, maji ya breki, kulanti, grisi na gundi ya gasketi. Mahali pengine huandikwa “vitu vidogo vidogo” halafu pesa kubwa. Vidogo vidogo hivyo vitajwe majina.

6. Kodi. Biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka inatakiwa kujiandikisha kwa kodi ya VAT, ambayo ni asilimia 16. Fundi mdogo wa jua kali kwa kawaida hayumo humo. Kwa hiyo ukilinganisha gereji kubwa na fundi wa kando ya barabara, uliza kama kodi imo ndani ya bei au itaongezwa. Kwenye kazi ya shilingi 50,000, kodi hiyo ni shilingi 8,000. Si kidogo.

Fundi asiyetaka kuandika mambo haya sita kwenye karatasi, usigombane naye. Mshukuru, uende kwa mwingine.

KWANZA UGONJWA, HALAFU DAWA

Kosa kubwa tunalofanya ni kuuliza “ni pesa ngapi?” kabla ya kuuliza “gari linaumwa nini, na umejuaje?” Bei ya dawa ya ugonjwa ambao haupo ni ghali hata ikiwa shilingi mia moja.

Tuchukue gari kuchemka, maana hapa pwani kwa joto letu ni jambo la kila siku. Gari linaweza kuchemka kwa sababu nyingi: maji yamepungua kwa kuvuja kwenye mpira, kifuniko cha radieta hakishiki, feni haizunguki, themostati imekwama, radieta imeziba, pampu ya maji imechoka, au gasketi ya hedi imeungua. Ukiangalia orodha hiyo, utaona inaanza na vitu vya bei ndogo na kuishia na kubwa. Fundi mwangalifu hupima kwa mpangilio huo. Anayeruka moja kwa moja hadi gasketi ya hedi, muulize ameona nini.

Gasketi ya hedi ikiungua ina dalili zake. Moshi mweupe mzito hutoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imekwisha pata moto. Oili kwenye kijiti cha kupimia hugeuka rangi kama chai ya maziwa, kwa sababu maji yameingia. Maji hupungua na huoni yanapovujia. Mapovu hutoka kwenye radieta injini ikizunguka. (Usifungue kifuniko cha radieta likiwa moto! Watu wameungua nyuso. Ngoja lipoe, kisha lifunguliwe na kuwashwa ukiwa umesimama kando.) Tena fundi anaweza kupima nguvu ya kila silinda kwa geji. Hakuna dalili hata moja na geji haikutumika? Basi hiyo ni ramli.

Hali ni hiyo hiyo kwa mambo mengine:

- Ameambiwa “injini ifanyiwe overholi”? Uliza kipimo cha kila silinda, uandikiwe.

- Ameambiwa “altaneta imekufa”? Kwanza vipimwe betri, mkanda, na nyaya za betri. Hewa ya chumvi huku Diani na Tiwi huotesha unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Kuvisafisha ni kazi ya dakika chache.

- Ameambiwa “shafti nzima ibadilishwe”? Pengine ni mpira wake tu umepasuka. Ukiwahi mapema kabla mchanga haujaingia, hubadilishwa mpira na grisi. Lakini ikiwa tayari inalia “ka-ka-ka” ukikata kona, mpira peke yake hautasaidia, na fundi anakwambia kweli.

- Kompyuta imetoa nambari ya kosa? Nambari hiyo huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Haisemi spea fulani inunuliwe. Ikisema sensa fulani haisomi, huenda ni waya wake umeota kutu.

Omba uonyeshwe kwa macho. Breki pedi zilizokwisha zinaonekana. Bushi iliyokatika inaonekana. Beringi mbovu ya gurudumu husikika ukiinua gari na kuzungusha tairi kwa mkono. Fundi wa kweli hupenda kuonyesha.

SPEA SI ZOTE SAWA

Hapa ndipo bei mbili za kazi moja hutofautiana sana, na watu hudhani fundi mmoja ni mwizi. Dukani kuna spea za namna hizi:

Orijino, yaani iliyo na chapa ya kiwanda cha gari. Hii ndiyo ghali zaidi.

Ya kiwanda kingine kinachoaminika. Mara nyingi ni nzuri na bei ni ya katikati. Viwanda vingine ndivyo hivyo hivyo vinavyowatengenezea watu wa magari.

Iliyotumika kutoka Japani, ambayo watu huita “eks-Japani”. Kwa mlango, taa, injini nzima au giaboksi, inaweza kuwa chaguo zuri. Kwa vitu vinavyolika, kama mkanda wa taiming, pedi au beringi, usinunue kilichokwisha tumika.

Feki. Sanduku lina chapa kubwa, ndani mna kitu cha bure. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote, jiulize kwa nini.

Njia ya kujua bei ya spea ni nyepesi. Chukua nambari ya chesisi ya gari, iko kwenye logibuku. Piga simu maduka mawili au matatu, ya Ukunda na ya Mombasa, usome nambari hiyo, useme spea unayotaka na aina yake. Kwa magari ya Kijapani, hiyo nambari ndiyo humwonyesha muuzaji spea inayoingia hasa. Simu tatu hazifiki gharama ya soda moja, lakini zinaweza kukuokolea maelfu.

Ukikuta fundi ameongeza kitu juu ya bei ya duka, usipige kelele upesi. Ametumia nauli, amevuka feri ya Likoni au amezunguka Dongo Kundu, na ikiwa spea ni mbovu yeye ndiye atakayerudi nayo. Nyongeza ya wazi ni halali. Ya kuchukiza ni ile ya kuficha: kukuandikia orijino, akafunga iliyotumika. Ndiyo sababu tunasema: sanduku la spea mpya na spea kuukuu vyote urudishiwe.

Pia piga hesabu ya kudumu. Tuseme pedi za shilingi 1,500 zinakaa miezi minne. Hiyo ni shilingi 375 kwa mwezi. Pedi za shilingi 4,500 zinakaa miezi 18. Hiyo ni shilingi 250 kwa mwezi. Tena kila ukibadilisha, unalipa ufundi upya. Zile “rahisi” ndizo ghali.

PESA YA UFUNDI

Ufundi hupimwa kwa muda, ugumu na hatari ya kazi. Bei ya spea haitoshi kukwambia ukubwa wa kazi. Klachi ni mfano mzuri. Bamba la klachi si kubwa, lakini ili kulifikia, giaboksi nzima lazima ishushwe. Ndiyo maana pesa ya ufundi ni nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi akikushauri ubadilishe bamba, presha pleti na beringi yake pamoja, mara nyingi anakushauri vizuri. Ukibadilisha kimoja leo na kingine mwezi ujao, utalipa kushusha giaboksi mara mbili.

Mkanda wa taiming ni vivyo hivyo. Magari mengi yenye mkanda huo hutaka ubadilishwe karibu na kila kilomita 100,000. Kwenye injini nyingi pampu ya maji iko nyuma yake. Ukifika hapo, kubadilisha pampu iliyoanza kuvuja ni busara, si kuongezewa kazi. Lakini uliza kwanza kama injini yako ina mkanda au ina cheni, kwa maana cheni haibadilishwi kwa kilomita hizo.

Hapa kwetu kuna jambo jingine: kutu. Gari linalokaa Diani karibu na bahari, au linalobeba samaki na maji yake ya chumvi, boliti zake hushikana. Kazi ya saa moja huwa ya saa tatu, na boliti nyingine hukatika. Fundi akiongeza pesa kwa ajili hiyo, anasema kweli. Dawa ni kuosha gari chini kwa maji baridi kila wiki, na kutotia maji ya kisima cha chumvi kwenye radieta. Maji hayo hutengeneza magamba ndani na kula chuma. Tia kulanti.

MFANO WA HESABU

Tutazame mfano mmoja. Bei hizi tumeziweka kwa ajili ya kujifunza tu, usizichukue kuwa bei za soko. Gari la kikundi linachemka. Fundi ameandika:

Gasketi ya hedi: 6,500
Kusawazisha hedi: 5,000
Pampu ya maji: 5,500
Themostati: 2,000
Radieta: 12,000
Oili na filta: 4,800
Kulanti: 2,200
Vitu vidogo vidogo: 4,000
Ufundi: 15,000
Jumla: 57,000

Kikundi chenye busara hakisemi “punguza, tupe elfu arobaini.” Kinapita mstari kwa mstari.

Gasketi na kusawazisha hedi: umejuaje? Kama ni gasketi kweli, mistari hii miwili inakwenda pamoja. Hedi iliyochemka huweza kupinda, na kufunga gasketi mpya juu ya uso uliopinda ni kutupa pesa.

Oili na filta: ni halali, kwa sababu kazi ya hedi huingiza maji na uchafu kwenye oili.

Pampu ya maji: inavuja? Tuonyeshe.

Radieta: imepimwa? Pengine inahitaji kusafishwa tu.

Vitu vidogo vidogo: ni vipi?

Sasa tuseme wakapeleka gari kwa fundi wa pili, wakalipa kupimwa. Akakuta oili ni safi, hakuna mapovu, na nguvu ya silinda zote ni sawa. Lakini feni haizunguki: mota yake imeungua, na themostati inafungua nusu. Anaandika: mota ya feni 4,500, themostati 2,000, kulanti 2,200, ufundi 2,500. Jumla ni 11,200. Kikundi kimeokoa shilingi 45,800, kabla ya kutoa pesa waliyolipa kupimwa.

Je, fundi wa kwanza alikuwa mwizi? Si lazima. Huenda alibahatisha, kwa sababu hakuna aliyekubali kumlipa muda wa kupima. Tuone pia upande wa pili. Ikiwa fundi wa pili angekuta mapovu na oili ya rangi ya chai, basi ile karatasi ya kwanza, ikiondolewa radieta isiyo na haja na ikielezwa vile vidogo vidogo, ingekuwa ya haki. Jumla ni zile zile, lakini ukweli ni mwingine. Ndiyo maana tunapima kwanza.

BEI YA CHINI MNO NAYO NI HATARI

Tukiwa na mafundi watatu, wawili wamesema karibu sawa na wa tatu amesema nusu, wengi wetu tutamkimbilia wa tatu. Ngoja kidogo. Muulize atafunga spea gani. Je, hedi atasawazisha, au ataifunga hivyo hivyo? Linganisha kitu kimoja kwa kitu kimoja. Usilinganishe ng'ombe na mbuzi kwa sababu wote wana miguu minne.

Na kuna mahali ambapo hatupatani bei hata kidogo: breki, usukani, matairi na viungo vinavyoshika magurudumu. Gari letu hubeba watoto wa shule. Hubeba mama mjamzito usiku kwenda hospitali ya Msambweni. Breki zikikataa kwenye mteremko wa kutoka Kwale mjini kwenda Kombani, hakuna atakayesifu kikundi kwa kuokoa shilingi elfu mbili. Ni heri gari lilale wiki moja mkichanga, kuliko litembee na breki za kubahatisha.

FUNDI NAYE ANA HAKI YAKE

Wapo wanaofika gereji tayari wameamua kwamba kila fundi ni mwongo. Si vizuri. Fundi wa jua kali pale Ukunda analipa kodi ya kiwanja, analisha vijana wanaojifunza, amenunua spana kwa jasho lake. Wengi wao wana ujuzi mkubwa. Wengine wamefanya mitihani ya ufundi ya serikali, ile ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza inayosimamiwa na NITA. Unaweza kuuliza kwa heshima: “Fundi, umesomea wapi, na umefanya kazi hii miaka mingapi?”

Ukimbana fundi kwenye pesa ya ufundi mpaka asibaki na chochote, atazitafuta mahali pengine: kwenye spea, kwenye oili, au kwa kuharakisha kazi. Bei ya haki ni ya pande mbili. Mfanyakazi anastahili malipo yake, na mwenye gari anastahili kazi aliyolipia.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi hatujui kwamba sheria iko upande wa anayelipa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya ubovu. Tena iko Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012, ambayo ina sehemu nzima juu ya kutengeneza magari. Kwa ufupi, inataka hivi:

- Fundi akupe makadirio kabla ya kazi.
- Asifanye kazi ambayo hukuiruhusu.
- Bei ya mwisho isizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa makadirio ya 57,000, mwisho ni 62,700. Akikuta ugonjwa mwingine ndani, asimame, akupigie simu, mkubaliane upya.
- Spea zilizotolewa ziwe zako ukizitaka.
- Upewe ankara inayoeleza kazi na spea.

Kuhusu dhamana, nayo ni jambo la kuandikiana. Omba angalau miezi mitatu kwa spea mpya na kwa kazi ya kuzifunga, na iandikwe kwenye risiti. Maneno ya “ikiharibika rudi tu mama, mimi niko” ni mazuri, lakini karatasi haisahau.

GARI LA KIKUNDI: MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vikundi, hasara nyingi hazitoki kwa fundi peke yake. Dereva na fundi hupatana, gari “linaharibika” kila mwisho wa mwezi, na pesa zinagawanywa nyuma ya gereji. Tena dereva mwaminifu naye husingiziwa kwa sababu hakuna kumbukumbu. Daftari humlinda pia.

Fanyeni hivi:

Wekeni daftari la gari. Andikeni tarehe, kilomita, ugonjwa, spea, bei, jina la fundi na dhamana. Mkiona pedi zimebadilishwa mara tatu kwa miezi sita, mtauliza.

Watu wawili wakubali kila kazi, si dereva peke yake. Kiwango fulani, kwa mfano kila kazi ya zaidi ya shilingi 10,000, kitake makadirio kutoka gereji mbili.

Lipeni kwa M-Pesa badala ya noti mkononi, ili ujumbe ubaki. Ikiwezekana, spea lipeni moja kwa moja kwa duka, na fundi mlipeni ufundi wake.

Malipo ya kwanza yawe ya spea. Ufundi umalizwe gari likishajaribiwa barabarani, fundi akiwa ndani.

Wekeni akiba ya gari kila wiki. Gari bila akiba humlazimisha mwenyewe kukubali bei yoyote, kwa sababu ana haraka.

Na matengenezo yakikaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe, simamisheni kwanza. Iteni mkutano. Pengine ni wakati wa kuliuza.

MKIKOSANA NA FUNDI

Anzeni kwa mazungumzo, mkiwa na karatasi ya makadirio, risiti na spea kuukuu mkononi. Mkishindwa, leteni fundi wa tatu asiye na upande aangalie kazi na kuandika alichoona. Wazee wa mtaa au chifu wanaweza kusuluhisha, na mara nyingi yanaisha hapo.

Yasipoisha, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ulizeni kwenye ofisi ya mahakama ya Kwale au Mombasa namna ya kufungua dai.

Tahadhari moja: msilitelekeze gari gereji kwa hasira. Fundi aliyefanya kazi mliyokubaliana ana haki ya kulishikilia mpaka alipwe, na iko sheria inayoruhusu mali isiyochukuliwa iuzwe baada ya kutoa notisi na kufuata utaratibu. Kama mnabishania sehemu tu ya pesa, andikeni barua kueleza mnachokubali na mnachokataa, na mbaki na nakala.

MASWALI YA KUENDA NAYO GEREJI

Kata ukurasa huu uuweke kwenye gari:

1. Gari linaumwa nini, na umejuaje?
2. Unaweza kunionyesha?
3. Spea ni ya aina gani, na kila moja ni pesa ngapi?
4. Ufundi ni pesa ngapi, na kazi ni ya muda gani?
5. Kuna kazi ya nje? Kuna kodi?
6. Kipi ni cha lazima leo, na kipi kinaweza kungoja?
7. Dhamana ni ya muda gani?
8. Nitapata spea kuukuu na risiti?

Swali la sita hasa lisisahauliwe. Fundi mwema atakwambia: breki leo, shokabsoba mwezi ujao, rangi Mungu akipenda. Hapo umepata fundi wa kukaa naye.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho chombo chetu kilipotengenezwa, nani aliamua, na tuliandika nini?
2. Je, tunawajua mafundi wawili au watatu katika eneo letu tunaoweza kuwaamini? Kwa nini tunawaamini?
3. Ni jambo gani moja tutabadilisha kabla ya mkutano ujao, na nani atalifuatilia?